Mashine Iliyonyamaza

Kashaulili, Mpanda
2 Februari 2025

Kwako Mwalimu Yohani,

Shikamoo. Sisi huku tunasukuma siku, na tunawaombea wewe na mwanao Spès mvua ya kiasi, isije ikaondoka na mpunga wa watu wa Kasansa. Ningepiga simu, lakini Spès ameshanieleza kwamba kwako simu ni tochi tu, na tangu masikio yako yafe unaamini karatasi peke yake. Basi karatasi hii.

Ile mashine niliyokuandikia habari zake mwaka juzi, ya kuranda na kupasua, ndiyo mgongo wa karakana sasa. Tumepata kazi kubwa: mabenchi na milango ya kanisa la kigango kipya cha Mwamkulu, yote ya mninga, na wanataka iwe tayari Pasaka. Mimi nasukuma mbao na kushika swichi, mdogo wangu Rafaeli anasimama upande wa pili kuzipokea. Tatizo ni kwamba zinatoka na mawimbi. Kwa macho huyaoni vizuri, lakini ukipitisha kiganja unayahisi. Nimenoa visu mara mbili na mawimbi yapo pale pale.

Habari njema ni kwamba mashine yenyewe imetulia. Unakumbuka nilivyolalamika kuhusu mluzi wake, ule uliokuwa unatoboa kichwa? Umekwisha. Sikubadilisha beringi wala sikugusa kitu, umekwisha wenyewe. Sasa inanguruma taratibu, mtu unafanya kazi kwa raha. Kwaya nayo haijambo. Bado ni mimi mwalimu wao, na Pasaka hii nimewapa wimbo mgumu makusudi, maana walishaanza kuvimba vichwa.

Naomba dawa ya mawimbi.

Mwanafunzi wako,
Lusia Kalonga


Kasansa
11 Februari 2025

Binti yangu Lusia,

Marahaba. Barua yako imeletwa na konda wa basi, ina alama ya kidole chenye mafuta ya chapati. Nimeisoma mara tatu.

Tuanze na mawimbi. Hukunoa vibaya, umefunga vibaya. Kisu kimoja kimesimama juu ya wenzake, ndicho kinachokula ubao, wengine wanasindikiza. Chomoa waya ukutani kwanza, usiamini swichi peke yake. Chukua kijiti kilichonyooka, kilaze juu ya meza ya upande wa kutokea, kifike kwenye ngoma ya visu. Zungusha ngoma kwa mkono, polepole. Kila kisu kitakivuta kijiti mbele kidogo, nawe tia alama ya penseli kilipofika. Visu vyote vikikivuta sawasawa umemaliza. Kinachozidi, kiteremshe. Na huo mninga usiupitishe mbichi. Kata kipande kidogo, mpe muuza duka akupimie kwenye mizani yake kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka ndipo mbao zimekauka. Ukizifanyia haraka, mabenchi yatapinda kabla ya Pentekoste, na waumini wataanguka mbele ya padri.

Sasa la pili, ambalo limenifanya niache ugali mezani. Beringi haiponi, Lusia. Ikishaanza kupiga mluzi itaendelea hadi uibadilishe au ivunjike. Kama hukugusa kitu na mluzi umekwisha, basi mluzi upo, ila haukufikii wewe.

Kabla hujakasirika, fanya jambo dogo. Muulize Rafaeli kama anausikia, na umuulize akiwa nyuma yako, usimtazame mdomo. Halafu jioni simama uani usikilize nyenje. Mimi nilipofanya kazi kwenye kile kiwanda cha mbao nilianza kuwapoteza nyenje, nikasema mwaka ule hawakuzaliwa wengi.

Nijibu hili kwanza kabla ya mengine yote.

Yohani Nzobonimpa


Kashaulili
20 Februari 2025

Mwalimu Yohani,

Shikamoo. Kijiti kimefanya kazi. Kisu kimoja kilikuwa juu kweli, nimekiteremsha, na mbao zinatoka safi. Asante sana.

Kuhusu masikio naomba tuyaache. Nakuheshimu, lakini si kila anayesimama kwenye mashine ataishia ulipoishia wewe. Ningekuwa sisikii ningefundishaje kwaya? Nyenje sikuwasikiliza, sina nafasi ya nyenje. Rafaeli sikumuuliza, kwa sababu kijana huyu siku hizi anaongea kama mgeni aliyefika msibani, ananong'ona tu, mpaka mtu unachoka. Wateja nao ni hivyo hivyo, wanamung'unya maneno halafu wanashangaa nikikata mlango kwa kipimo kingine. Spika ya simu yangu imekufa, nimewaambia wote wanitumie meseji, na ni nafuu.

Nina swali la maana zaidi. Viungo vya mabenchi, ulimi ndani ya tundu, nimevibana vizuri, lakini gundi nyeupe inashika siku mbili, ya tatu inaachia. Mninga huu una mafuta. Nifanyeje?

Lusia


Kasansa
1 Machi 2025

Lusia,

Gundi. Futa ulimi kwa kitambaa chenye spiriti, ngoja ukauke, gundisha siku hiyo hiyo uliyoranda. Ukilaza mbao usiku kucha mafuta yanapanda tena. Usikaze klampu kwa hasira mpaka gundi yote ikimbie nje. Mwisho toboa kiungo, pigilia kipini cha mti uleule wa mninga, na benchi hilo litazika watu.

Umeniambia tuyaache masikio, kisha umenijibu kila nilichouliza. Mdogo wako ananong'ona. Wateja wanamung'unya. Spika imekufa. Mimi nilimwambia marehemu mke wangu Épiphanie kwamba ameingiwa na dharau, anasemea tumboni ili nisisikie. Mama wa watu alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Mashine inaiba kidogo kidogo, tena inaanza na sauti nyembamba: nyenje, ndege, watoto, wanawake. Sauti nene inakuachia kwa muda, ndiyo maana unasikia muungurumo na unasema mashine imetulia.

Yaliyoibiwa hayarudi. Yaliyobaki unaweza kuyalinda. Nenda kwenye duka linalouzia wachimba dhahabu vifaa, ununue vile vikinga masikio vya kuvaa kichwani, wewe na Rafaeli, leo. Pamba haisaidii kitu. Na swichi moja iliyo upande wako haitoshi. Fikiria, binti yangu. Mkono wa Rafaeli ukikwama atapiga kelele. Atampigia nani?

Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kinaweza kumfuata mwingine. Sitaki barua nyingine ya gundi. Usiponijibu hili nitamwandikia mdogo wako.

Yohani


Kashaulili
12 Machi 2025

Mzee wangu Yohani,

Shikamoo mzee. Mimi Rafaeli si mtu wa barua, kwa hiyo nikikosea nyie wazee mnivumilie. Yako nimeipata, konda amenipa mkononi kama ulivyomwagiza, dada hajaiona.

Mluzi upo. Upo na umezidi, mama Pudensiana wa genge la chipsi ng'ambo ya barabara amehamisha jiko lake kwa ajili ya huo mluzi. Dada anasimama karibu nao kabisa na anaimba. Mara ya kwanza nilidhani anatania.

Nilijua toka mwaka jana, mzee. Mteja akija nasogea, akisema kitu nakirudia kwa sauti kubwa kama vile namkebehi, ili dada asikie bila kujua namsaidia. Kwenye kwaya kuna Immaculata wa sauti ya kwanza. Waimbaji wakipotea anamkonyeza dada, na dada anawasimamisha. Sisi sote tunamzunguka hivyo. Kumwambia siwezi. Yule ni dada na ni mama pia, alinilea. Kwaya ndiyo furaha yake, karakana ndiyo jina lake. Nikisema neno hilo sijui atabaki na nini.

Umeuliza ishara yetu. Ishara ni mdomo. Nikitaka azime mashine naita "zima". Zamani kuita mara moja kulitosha, sasa napiga ubao kwa ngumi mpaka aone unatikisika. Nimeshazoea. Ila mfuniko wa mkanda tuliutoa tulipobadilisha mkanda, haukurudi, na ule mkanda unakimbia karibu sana na mkono wangu wa kulia. Nilimwambia dada kuhusu mfuniko. Alinijibu mambo ya chakula cha mchana.

Nikuambie ukweli, naogopa. Nifanyeje?

Rafaeli


Kasansa
16 Machi 2025

Rafaeli mwanangu,

Usiguse mashine hiyo tena mpaka mfanye mambo mawili. Mfuniko urudi, na fundi umeme aweke swichi ya pili upande wako, mahali unapoweza kuifikia hata kwa goti. Usivae mikono mirefu. Usikubali maneno ya "tumalize hizi chache".

Na umwambie. Mtafute akiwa ametulia, akutazame usoni, useme taratibu. Atakasirika. Mwache akasirike, hasira haivunji mkono.

Mto Kavuu umepanda na basi limelala huku, konda anasema labda wiki ijayo. Spès amekupigia, namba yako haipatikani. Amemtumia dada yako meseji kwamba asiwashe mashine, hajajibu. Ningekuwa na miguu ya zamani ningekuja mwenyewe.

Fanya haraka.

Yohani


Kashaulili
21 Machi 2025

Mzee Yohani,

Nimepata meseji ya Spès. Nimeisoma mbele ya mteja, nikaona aibu kama mtoto aliyechapwa hadharani.

Umemwandikia mdogo wangu nyuma ya mgongo wangu. Nilimbana akakiri, ila alichokuandikia hakusema, na sikutaka kujua. Ulinifundisha kazi, nakushukuru hadi kesho, lakini hukunifundisha kuishi kwa woga. Kuna fundi hapa Kashaulili anakodolea macho kazi ile ya kigango. Akisikia tu kwamba Lusia ni kiziwi, ataipata kabla ya jua kuzama, na mwenyekiti wa kwaya atanitafutia kiti cha kupumzikia. Wewe masikio yako yalipoziba watu walikuita mzee aliyefanya kazi sana. Mimi mwanamke wataniambia nilifuata nini kwenye mashine.

Mabenchi yamekwisha. Wiki ijayo tunaingia kwenye mbao za milango. Swichi nitaiangalia baada ya Pasaka.

Lusia


Kashaulili
30 Machi 2025

Mwalimu,

Ilikuwa Jumatano mchana. Nilikuwa nasukuma ubao wa mlango, mzito, macho yangu yote kwenye ubao. Niliuona umetikisika, nikadhani visu vimepiga fundo, nikakaza mkono. Nikaendelea kusukuma.

Mkono wa shati la Rafaeli ulikuwa umeingia kwenye mkanda. Aliniita. Mama Pudensiana alimsikia kutoka ng'ambo ya barabara, pikipiki zikipita, mafuta yakichemka kwenye karai, akaacha viazi akakimbia. Mimi nilikuwa hapo hapo naye, tumetenganishwa na mashine tu.

Kilichomwokoa ni umeme. Ulikatika. Mji mzima ulikuwa unalaumu, na mimi pia nililaumu, Mwalimu. Niliinua kichwa nimwambie Rafaeli kwamba ubao wetu umeharibika katikati, ndipo nikamwona.

Mkono umevunjika mahali pawili na ngozi imechunika hadi kiwiko. Madaktari wanasema utabaki, lakini vidole hawajui. Nimekaa naye wodini. Siku ya pili alinisemesha, nami nikafanya ninachofanya siku zote mtu akisema kitu kisichonifikia. Nilitikisa kichwa nikacheka kidogo. Uso wake ukabadilika. Mama wa kitanda cha jirani aliniangalia kama mchawi. Rafaeli alikuwa ameniuliza kama atashika tena patasi.

Nikamwambia, "Sikukusikia, Rafaeli. Sema tena." Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo tangu mwaka jana. Akalia, nami nikalia, na hatukuweza kuendelea na habari ya patasi siku hiyo.

Barua yako kwake ililetwa jana, imelowa pembeni. Amenipa niisome mwenyewe. Nimeisoma. Ulisema kila kitu, na wakati huo ilikuwa imelala ndani ya basi ng'ambo ya mto, na mimi ambaye meseji ilinifikia niliidharau.

Nataka kuiuza mashine hii kama chuma chakavu. Sitaki hata kuiangalia.

Lusia


Kasansa
5 Aprili 2025

Binti yangu,

Spès alipoona uso wangu nikisoma alidhani kuna msiba. Nimemwambia hakuna msiba, kuna mkono, na mkono una dawa. Mpe Rafaeli pole yangu, umwambie vidole vinapenda kazi ndogo. Bandeji ikitoka apige msasa vijiti, vyepesi, kila siku kidogo.

Mashine usiiuze kwa uchungu. Ukimuuzia mwingine bila mfuniko utakuwa umemhamishia tu mkanda. Itengeneze kwanza. Rudisha mfuniko. Weka swichi mbili, na taa nyekundu ukutani mbele ya macho yako, inayowaka mtu wa upande wa pili akibonyeza. Badilisha beringi, zote, usimwonee moja huruma. Ukitaka kuijua beringi bila masikio, chukua bisibisi ndefu, gusisha ncha kwenye nyumba ya beringi wakati inazunguka, mbali na mkanda, na uume mpini kwa meno. Nzima itakutekenya. Mbovu itakutikisa kichwa. Kwa njia hiyo nimefanya kazi miaka mingi, na meno ninayo bado, machache.

Nenda kwa daktari wa masikio, ujue umebakiwa na kiasi gani. Usiende peke yako, nenda na mtu wa kukuandikia anachosema.

Umekosea, nami sitakupamba. Lakini uliposema "sema tena" ulifanya kilichonishinda mimi. Mke wangu amekwenda kaburini nikiwa natikisa kichwa tu, na sijui mambo mangapi aliniambia.

Habari ya kwaya sina ushauri nayo. Mimi sikuwahi kuimba.

Yohani


Kashaulili
14 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Rafaeli yuko nyumbani. Kidole gumba na cha shahada vinashika kijiko, vingine vimelala bado, anavikemea asubuhi hadi jioni. Mashine ina mfuniko, swichi mbili na taa. Milango nimeimalizia kwa randa ya mkono, na itachelewa. Niliwaeleza watu wa kigango sababu yenyewe, sikuficha. Wamesema watasali Pasaka kwenye uwazi wa mlango. Kazi inayofuata sijui kama watanipa.

Daktari alinivalisha vitu masikioni akanionyesha mstari kwenye karatasi. Unatambaa vizuri, kisha unaanguka. Rafaeli aliandika kwa mkono wa kushoto, maandishi ya kuku: sauti nyembamba zimekwenda, nene zipo, sikio la kushoto lina nafuu, kelele zikiendelea na hizo zitakwenda. Vikinga nimenunua. Ninavaa hata nikipiga nyundo.

Jana, Jumapili ya Matawi, baada ya misa niliwazuia wanakwaya wasitoke. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi, ya heshima, ya kuaga. Nikasimama pale mbele ninaposimama siku zote na yote yakanitoka kichwani. Nikawaambia, "Sauti ya kwanza siwasikii. Nawaona midomo tu. Ni muda sasa." Nikawaambia Rafaeli aliumia kwa sababu hiyo, na kwamba wimbo wa Pasaka nimekuwa nikiufundisha kwa kukisia.

Walianza kusema wote kwa pamoja. Wengine walisimama, wengine walifunika nyuso, mzee Amedeus wa besi alinyoosha mkono juu. Sikujua kama wananifukuza au wananipa pole. Zamani ningetikisa kichwa, nikacheka kidogo, nikaondoka na yangu.

Niliinua mkono wakanyamaza. Nikageuza sikio la kushoto, nikawaomba waje mmoja mmoja. Immaculata ndiye aliyetangulia. Alinishika bega, akasema jambo refu, taratibu, karibu kabisa. Nikashika maneno mawili tu.

Nikamwambia arudie.

Lusia